Mwili Usio na Pa Kuegemea: Athari za Hali ya Kutokuwa na Uzito kwa Mwili na Ratiba ya Mwanaanga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi hali ya kutokuwa na uzito inavyoubadili mwili wa mwanaanga, na jinsi ratiba yake ya siku inavyopangwa ili kukabiliana na mabadiliko hayo. Hoja kuu ni kwamba mwanaanga hakosi mvutano wa dunia; anachokosa ni kitu cha kuegemea. Mwili wa binadamu hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaoubeba kila siku. Mzigo huo ukiondolewa, mwili huanza kupunguza kila usichokitumia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya kila siku angani ni juhudi za kuurudishia mwili, kwa njia za kubuni, mzigo uliopotea. Mwishoni, makala yanaonyesha kwamba ufafanuzi huu unawahusu pia wanazuoni wa Kiswahili wenye jukumu la kulieleza jambo hili kwa usahihi.

1.0 Utangulizi

Tarehe 19 Juni 1970 wanaanga wawili wa Muungano wa Sovieti, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, walirejea duniani baada ya kukaa angani kwa muda wa siku 18 hivi katika chombo cha Soyuz 9. Walikwenda wakiwa watu wenye afya na nguvu, waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Waliporudi walikuwa wamedhoofika hata ikawabidi wasaidiwe kutoka chomboni, na kwa siku kadhaa walipata taabu kusimama na kutembea.

Takribani miaka 25 baadaye, tarehe 22 Machi 1995, Valeri Polyakov, ambaye alikuwa daktari kwa taaluma, alirejea kutoka kituo cha anga cha Mir baada ya kukaa huko siku 437 mfululizo, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Polyakov alitoka chomboni akapiga hatua chache kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye kiti alichowekewa. Alikuwa amekaa angani zaidi ya mara ishirini ya muda wa wenzake wa mwaka 1970, lakini alirudi akiwa na nguvu zaidi yao.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa maumbile ya watu hao peke yake. Chanzo chake kikubwa ni mambo ambayo mwanaanga hutakiwa kuyafanya kila siku awapo angani, mambo ambayo mwaka 1970 yalikuwa bado hayajaeleweka vizuri. Makala haya yanakusudia kufafanua uhusiano huo baina ya mwili na ratiba. Kwanza yanaeleza maana ya hali yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye dhana potofu iliyoenea. Kisha yanachunguza athari zake mwilini, yanaeleza namna siku ya mwanaanga inavyopangwa, na kugusia matatizo ya kurejea duniani. Sehemu ya mwisho inajadili msamiati wa Kiswahili unaotumika kuieleza hali hiyo.

2.0 Maana ya Kutokuwa na Uzito

Maelezo yanayosikika mara nyingi, hata madarasani, ni kwamba wanaanga huelea kwa sababu wamefika mahali ambapo mvutano wa dunia umekwisha. Maelezo hayo si sahihi. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimekaliwa na watu bila kukatika tangu tarehe 2 Novemba 2000, huizunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 400 hivi. Kimo hicho ni kidogo kikilinganishwa na umbali wa kilometa 6,371 uliopo kati ya uso wa dunia na kitovu chake. Kwa kuwa mvutano hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali kutoka kitovuni, hesabu inaonyesha kwamba kwenye kimo hicho mvutano bado ni karibu asilimia 89 ya ule ulioko ardhini. Lau ungejengwa mnara wa kilometa 400, na mtu mwenye kilo 70 akapanda mizani kileleni mwake, mizani hiyo ingesoma kilo 62 hivi. Mtu huyo asingeelea hata kidogo.

Tofauti kati ya mtu wa mnarani na mwanaanga ni kwamba wa kwanza amesimama juu ya kitu, na wa pili anaanguka. Jambo hili lilikwishaelezwa na Isaac Newton katika karne ya 17. Kitu kikirushwa kwa mlalo huanguka kiasi cha meta 5 katika sekunde ya kwanza. Uso wa dunia nao, kwa sababu ni wa mviringo, huinama kiasi cha meta 5 kwa kila kilometa 8. Basi kitu kinachokwenda kwa mwendo wa karibu kilometa 8 kwa sekunde huanguka daima, lakini ardhi nayo huinama mbele yake kwa kiasi kilekile, wala hakiifikii. Kituo cha Kimataifa cha Anga huenda kwa kasi ya kilometa 28,000 hivi kwa saa, na humaliza mzunguko mmoja kwa muda wa dakika 90. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoiweka angani setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Inafaa kutofautisha mvutano wenyewe na hisia ya uzito. Mtu hahisi mvutano moja kwa moja. Anachokihisi ni sakafu inavyomsukuma nyayoni, kiti kinavyomsukuma mapajani, au kitanda kinavyomsukuma mgongoni. Mtu aliye ndani ya lifti inayoanza kushuka ghafla huhisi mwepesi kwa muda mfupi, kwa sababu sakafu inamkimbia. Kwa mwanaanga, sakafu, kuta, vyombo na mwili wake vyote vinaanguka pamoja kwa kasi ileile, na kwa hiyo hakuna kinachokiegemea kingine. Tungamo lake, yaani kiasi cha maada kilichomo mwilini mwake, halipungui. Akigonga ukuta kwa kasi ataumia kama kawaida. Kilichoondoka ni kuegemea, na jambo hilo ndilo ufunguo wa yote yanayofuata.

3.0 Athari katika Mwili

3.1 Sikio la ndani na hisia ya mwelekeo

Athari ya kwanza huonekana katika saa chache za mwanzo. Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo sana vya chumvi ya kalsiamu vilivyokaa juu ya vinyweleo vyenye hisia. Duniani, mtu akiinamisha kichwa, vijiwe hivyo huvilemea vinyweleo upande mmoja, na ubongo hupata habari kwamba kichwa kimeinama. Angani vijiwe havilemei upande wowote. Macho huuambia ubongo jambo moja na masikio jambo jingine, au hayasemi lolote. Matokeo yake ni kichefuchefu, kutapika, uchovu na kupoteza hamu ya chakula.

Mtu wa kwanza kupatwa na hali hiyo alikuwa Gherman Titov, aliyekaa angani kwa zaidi ya siku moja mnamo Agosti 1961. Yuri Gagarin, aliyemtangulia mwezi Aprili mwaka huohuo, alikuwa amekaa kwa dakika 108 tu, naye hakuripoti taabu ya namna hiyo. Tangu wakati huo imebainika kwamba zaidi ya nusu ya wanaanga hupatwa na ugonjwa huu katika siku mbili au tatu za mwanzo. Baada ya hapo ubongo huacha kuitegemea habari ya masikio na kuyaamini zaidi macho. Huo ndio mfano wa kwanza wa tabia itakayoonekana tena na tena: mwili hauvumilii tu hali mpya, bali hujipanga upya kuifuata.

3.2 Maji ya mwili, moyo na macho

Mtu akisimama duniani, damu na maji mengine ya mwili huvutwa kuelekea miguuni. Moyo, mishipa na misuli ya miguu hufanya kazi mfululizo kuyarudisha juu. Angani kazi hiyo ya kupandisha inaendelea lakini mvuto wa kuyarudisha chini haupo, na takribani lita mbili za maji huhamia kifuani na kichwani. Uso huvimba, pua huziba kana kwamba mtu ana mafua, na miguu hukonda. Mwili hufasiri wingi huo wa maji katika sehemu za juu kuwa ni ziada, na katika siku chache za mwanzo kiasi cha majimaji ya damu hupungua kwa asilimia 10 hadi 15. Moyo nao, kwa kuwa haupandishi tena damu kinyume cha mvutano, hupunguziwa kazi.

Kwa muda mrefu mabadiliko hayo yalidhaniwa kuwa hayana madhara makubwa maadamu mtu yuko angani. Dhana hiyo ilibadilika mwaka 2011, ilipochapishwa taarifa ya wanaanga 7 waliokaa angani kwa muda wa miezi 6 hivi na kurudi na kasoro za macho. Miongoni mwa kasoro hizo ni kuvimba kwa mahali ambapo mshipa wa fahamu wa jicho huingia, kubonyea kwa mboni upande wa nyuma, na kutoona vizuri vitu vya karibu. Inaaminika kwamba maji yanayohamia kichwani yana sehemu katika tatizo hilo, ingawa namna hasa linavyotokea bado inachunguzwa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2019, uliwachunguza wanaanga 11. Katika 6 kati yao, damu ndani ya mshipa mkubwa wa shingoni upande wa kushoto ilionekana kusimama au hata kurudi nyuma. Mmoja alipatikana na bonge la damu iliyoganda katika mshipa huo. Ilibidi atibiwe hukohuko angani, kwa dawa za kuzuia damu isigande na kwa maelekezo ya madaktari waliokuwa ardhini. Damu iliyosimama muda mrefu katika mshipa ni jambo linalowahusu pia wagonjwa wengi duniani, hasa waliolazwa kwa muda mrefu.

3.3 Misuli na mifupa

Misuli ya mgongo, mapaja na mashavu ya miguu hufanya kazi kila mtu anaposimama, hata kama mwenyewe hana habari. Kazi yake ni kuuzuia mwili usianguke. Angani kazi hiyo haipo, na misuli hiyo huanza kusinyaa katika siku za mwanzo. Uti wa mgongo hurefuka kwa kuwa gegedu zilizo baina ya pingili zake hazigandamizwi tena. Kimo cha mwanaanga kinaweza kuongezeka kwa kadiri ya asilimia 3, na wengi huumwa mgongo kwa sababu hiyo.

Jambo zito zaidi ni la mifupa. Watu wengi huuona mfupa kama boriti, kitu kikavu kilichokwisha kujengwa. Kwa kweli mfupa ni kiungo hai, chenye seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga bila kusita. Kinachoamua upande upi ushinde ni mzigo. Mahali panapobeba huimarishwa, na mahali pasipobeba hubomolewa. Angani mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Kiasi hicho kinalingana na kile ambacho mzee duniani huweza kupoteza kwa mwaka mzima. Kalsiamu inayotolewa mifupani huingia katika damu na kupitia kwenye figo, na hivyo kuongeza hatari ya kupata vijiwe vya figo.

Waswahili husema akiba haiozi. Mfupa haufuati methali hiyo. Nguvu iliyowekwa bila kutumika huoza, na mwili haubakishi akiba ya kitu usichokihitaji leo. Kwa mtazamo wa mwili, huo si ugonjwa. Ni uwekevu ulio barabara kabisa kwa mtu atakayeishi angani maisha yake yote. Tatizo ni kwamba mwanaanga atarudi.

4.0 Siku ya Mwanaanga

4.1 Kuamka na kulala

Kwa kuwa kituo huizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku, jua huchomoza na kuzama mara 16 katika muda wa saa 24. Mchana na usiku wa kawaida haviwezi kufuatwa, na ratiba hupangwa kwa saa za Greenwich. Wanaanga huamka yapata saa 12 asubuhi kwa saa hizo, wakati Afrika Mashariki ni saa 3 asubuhi. Kila mmoja ana kijichumba kidogo chenye mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani. Hulala bila godoro wala haja ya mto, kwani kichwa hakiangukii popote. Mikono, isipofungwa, huinuka yenyewe mbele ya kifua na kubaki ikielea.

Hata pumzi huhitaji kupangiwa. Duniani hewa yenye joto hupanda na ya baridi hushuka, na kwa sababu hiyo pumzi iliyotoka puani huondoka yenyewe. Angani hewa ya joto haipandi, na pasipo feni ya kuisukuma hewa, kabonidioksaidi iliyopumuliwa hukusanyika kuuzunguka uso wa aliyelala. Kwa hiyo feni hazizimwi, na kelele zake huambatana na usingizi. Ratiba humpa mwanaanga saa 8 na nusu za kulala, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa wastani walilala saa 6 tu.

4.2 Chakula, maji na usafi

Mezani tatizo kubwa ni vitu vidogovidogo. Chembe ya mkate haianguki sakafuni, bali huzunguka chumbani na inaweza kuingia jichoni au katika mitambo. Kwa sababu hiyo mkate wa kawaida umeachwa, na mahali pake panatumika tortilla, mkate bapa wa Meksiko unaofanana na chapati, ambao uliletwa angani mwaka 1985 na mwanaanga wa Meksiko, Rodolfo Neri Vela. Chumvi nayo hutumika ikiwa imeyeyushwa katika maji. Wanaanga wengi husema kwamba chakula hupungua ladha, jambo linaloweza kuhusishwa na kule kuziba kwa pua kulikoelezwa hapo juu, na hupenda vyakula vyenye pilipili na viungo vikali.

Maji hayatiririki. Hushikamana na kitu yalichokigusa, au hujikusanya kuwa tone la mviringo linaloelea. Mwaka 2013 Chris Hadfield, mwanaanga wa Kanada, alionyesha kwamba hata machozi hayaanguki, bali hujikusanya na kuwa donge la maji juu ya jicho. Tarehe 16 Julai mwaka huohuo jambo hilo lilikaribia kuleta maafa. Luca Parmitano wa Italia alikuwa akifanya kazi nje ya kituo wakati maji ya mfumo wa kupoza vazi lake yalipovuja na kuingia ndani ya kofia. Duniani maji hayo yangeshuka hadi shingoni na kifuani. Kule yalimganda kichwani, yakafunika macho na pua, naye akarudi ndani kwa kupapasa. Zaidi ya lita moja ya maji ilikuwa imeingia katika kofia hiyo.

Kwa hiyo kuoga kwa kujimwagia maji hakuwezekani. Mwanaanga hujifuta kwa taulo lenye unyevu, na huosha nywele kwa sabuni isiyohitaji kusuuzwa. Choo hutumia mkondo wa hewa kufyonza kile ambacho duniani kingeanguka chenyewe. Mkojo na jasho husafishwa na kuwa maji ya kunywa tena. Mwaka 2023 mitambo ya kituo ilifikia kiwango cha kurejesha asilimia 98 ya maji.

4.3 Mazoezi kama kazi

Katika ratiba hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa imejaa utafiti na ukarabati wa mitambo, kuna takribani saa 2 hadi 2 na nusu za mazoezi, karibu kila siku. Muda huo haufutwi kwa urahisi. Mwanaanga hufungwa mikanda begani na kiunoni, na mikanda hiyo humvuta kwenye mashine ya kukimbilia ili nyayo zake zigonge kitu. Huendesha pia baiskeli isiyosogea. Kunyanyua vyuma hakuna maana mahali ambapo chuma hakina uzito. Kwa hiyo mwaka 2008 kilipelekwa kituoni chombo kinachotumia mitungi iliyoondolewa hewa kuleta ukinzani unaoweza kufikia kilo 270 hivi. Vifaa hivyo vimewekwa juu ya vitu vya kuzuia mtikisiko, kwa sababu vishindo vya mtu mmoja anayekimbia huweza kukitikisa kituo na kuyavuruga majaribio. Jasho la mkimbiaji halidondoki. Hutanda juu ya ngozi hadi lifutwe.

Matokeo yake ni dhahiri. Taarifa zilizochapishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba wanaanga waliotumia chombo hicho cha ukinzani, wakala vya kutosha na kupata vitamini D, walihifadhi madini ya mifupa yao vizuri zaidi kuliko waliowatangulia. Hata hivyo, mazoezi hayamalizi tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya wanaanga 17 ulibaini kwamba 9 kati yao, mwaka mmoja baada ya kurejea, walikuwa bado hawajarudishiwa kikamilifu mfupa wa mguu waliokuwa nao kabla ya safari. Saa mbili za kuegemea haziwezi kulingana sawasawa na saa kumi na sita ambazo mtu wa duniani huzitumia akiwa amesimama, ameketi au anatembea.

Ratiba hiyo hudhihirisha thamani yake zaidi pale mipango inapoharibika. Barry Wilmore na Sunita Williams waliondoka duniani tarehe 5 Juni 2024 kwa safari iliyotarajiwa kuchukua siku 8 hivi. Kwa sababu ya hitilafu za chombo kilichowapeleka, walirejea tarehe 18 Machi 2025, baada ya siku 286. Mazoezi yaliyopangwa kwa wakazi wa muda mrefu yakawa ndiyo yao pia.

5.0 Kurejea Duniani

Mwanaanga anaporudi, kila badiliko lililomfaa angani hugeuka kuwa kasoro. Damu iliyopunguzwa haitoshi tena kuufikia ubongo mtu anaposimama, naye huweza kuzirai. Ubongo uliojifunza kutoyaamini masikio sasa huletewa habari nyingi mno, na kugeuza kichwa tu huleta kizunguzungu. Hata ngozi hubadilika: nyayo hulainika kwa kutokanyaga, na sugu huota juu ya miguu, pale ambapo mwanaanga alizoea kujipachika kwenye vyuma vya kushikilia.

Kwa safari za karibu, upungufu huo unavumilika kwa kuwa wapo watu wanaomngojea mwanaanga kwa machela na madaktari. Hali itakuwa tofauti katika safari ya kwenda Mirihi, inayokadiriwa kuchukua miezi 6 hadi 9. Watakaotua huko watakuta mvutano ulio asilimia 38 ya ule wa dunia, na hakuna atakayewapokea. Watalazimika kusimama wenyewe na kuanza kazi.

Elimu hii inawafaa pia watu ambao hawatakwenda angani kamwe. Tangu zamani watafiti wameiga hali ya angani kwa kuwalaza watu wenye afya katika vitanda vilivyoinamishwa nyuzi 6 upande wa kichwa. Katika jaribio lililofanyika Köln, Ujerumani, mwaka 2019, watu wa kujitolea walilala hivyo kwa siku 60. Misuli na mifupa yao hupungua kama ya mwanaanga. Hapana budi kutambua kwamba mgonjwa aliyevunjika paja, au mzee aliyelazwa miezi kadhaa, yumo katika jaribio hilohilo bila kujitolea. Mafunzo ya angani yanathibitisha kwamba kumwinua mgonjwa mapema na kumsimamisha, pale daktari anaporuhusu, si kumtesa. Ni sehemu ya tiba.

6.0 Msamiati wa Hali Hii katika Kiswahili

Maneno yanayotumika kuieleza hali hii yameundwa na watu wanaoegemea ardhi, nayo hubeba mazoea ya ardhini. Kitenzi kulala ni mfano mzuri. Kwa Kiswahili kinataja mambo mawili kwa pamoja: kupata usingizi na kujinyoosha juu ya kitu. Duniani mambo hayo huandamana kiasi kwamba neno moja limetosha. Mwanaanga hulala usingizi lakini halali juu ya chochote. Hali kadhalika, kuelea ni istiara. Ubao huelea kwa sababu maji yanauegemeza, ilhali mwanaanga haegemezwi na kitu.

Kwa upande wa mahali, juu na chini hupoteza maana, lakini ndani na nje, karibu na mbali, hubaki kama vilivyo. Kituoni sakafu na dari zimebaki kwa makubaliano, na taa huwekwa upande ulioitwa dari ili macho yapate pa kushika. Majina ya pande hufuata chombo na mwendo wake, wala hayamfuati mtu alivyogeuka. Mabaharia wa pwani wanaufahamu utaratibu huo: omo na tezi ni sehemu za jahazi, wala hazibadiliki baharia akigeuka.

Istilahi kutokuwa na uzito yenyewe inaweza kuendelea kutumika, kwa sharti kwamba ifafanuliwe kwa kuegemea na si kwa kukosekana kwa mvutano. Istilahi inayodai kwamba mvutano haupo, au umebaki kidogo sana, humfundisha mwanafunzi kosa la fizikia kabla hajafungua kitabu cha fizikia. Hapo inaonekana kwamba uteuzi wa neno si suala la ufasaha peke yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwanaanga yumo katika mvutano wa dunia wakati wote, na kwamba taabu zake zinatokana na kuanguka pamoja na kila kinachomzunguka. Masikio, damu, misuli na mifupa vyote hujirekebisha kwa kufuata kanuni moja, nayo ni kwamba kisichobebeshwa hupunguzwa. Ratiba ya siku angani, kuanzia mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani hadi mikanda ya mashine ya kukimbilia, ni mpango wa kukibadili kile ambacho duniani hutolewa bure na kila sakafu. Kama safari za mwaka 1970 na 1995 zinavyothibitisha, mpango huo unaweza kuwa tofauti kati ya kubebwa na kutembea. Wajibu wa wanaoandika na kufundisha kwa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba maelezo ya jambo hili yanaegemea ukweli wake.